Utafiti Wangu Juu ya Umio wa Baba

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata mada! Maonyesho ya sayansi ya shule ni Alhamisi ya wiki ijayo. Mshindi anapelekwa kambi ya wanasayansi vijana. Kiherehere, ninayekaa naye dawati moja, anaangulisha vifaranga kwa joto la balbu. Vifaranga! Mimi nitachunguza jinsi asidi ya tumbo inavyouchoma umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mgonjwa ninaye nyumbani. Baba ni fundi cherehani: anakula, anainamia cherehani, asidi inampanda. Juzi mkate ulimshinda kumeza. Daktari amempa vidonge vya kupunguza asidi ili vidonda vipone, na Jumanne ijayo atateremshiwa kamera kooni. Mama analia kwamba Baba amebaki mifupa mitupu. Ni kweli. Nimemchora.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma kwamba utafiti wa maana huwa na kidonge bandia kisicho na dawa. Haya. Vidonge vya Baba ni vya ganda. Vinafunguka kama kalamu na kifuniko chake. Nikajifungia chooni. Nikamwaga dawa, nikajaza unga wa chaki. Baba akizidiwa, nitakuwa nimethibitisha kwamba dawa ilikuwa inafanya kazi, kisha nitamrudishia.

Baadaye: dawa niliimwaga kwenye sinki. Hilo sikulifikiria.

Jumamosi, 9 Machi

Balaa! Baba amepata nafuu. Amekula akaongeza. Anamtambia Mama kwamba vidonge vya safari hii ni kiboko. Nikamfuata mwalimu wa biolojia, nikamuuliza habari za mgonjwa wa kubuni. Alicheka hadi akaegemea ubao. Akasema chaki nyingine ni chokaa tu, na chokaa hutuliza asidi kwa muda. Moto unafunikwa, mtoto wewe, hauzimwi, na kidonda kinaendelea kuliwa chini kwa chini. Kwa hiyo kidonge changu bandia ni dawa! Tena dawa mbovu. Utafiti umeingia doa. Kiherehere naye akatangaza kwamba mayai yake yameanza kutikisika, akataka kujua koo la mzee wangu litataga lini.

Jumatatu, 11 Machi

Baba ameniita pembeni. Mwanamume mzima, anaogopa bomba! Akaniuliza, mimi daktari wake, kama mtu aliyepona ana haja ya kumezeshwa kamera kesho. Jibu la kweli lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini kamera ingeona vidonda, daktari angebadilisha dawa, na bango langu nimeshaliandika kwa wino usiofutika. Nikamwambia asubiri kwanza. Akanishika kichwa, akasema kumbe kusomesha mtoto si hasara. Chakula kilinishinda. Nikamalizia mchoro wa umio. Nyekundu imeisha, nimetumia nyingi.

Alhamisi, 14 Machi

Majaji walipofika kwangu, haya ikanishika. Nikaonyesha bango kwa kidole. Kule kwa Kiherehere kifaranga kilikuwa kinatoboa ganda, watu wamesongamana kama nzi. Baba alikuja na Mama, amevaa suti aliyojishonea. Akasimama kando yangu kunipa moyo, huku anatafuna kipande cha nyama. Akaacha kutafuna. Akashika kifua. Mate yakamwagika juu ya suti, macho yakamtoka. Jaji mkuu akauliza, kwa adabu kabisa, kama hiyo nayo ni sehemu ya onyesho. Nikaitikia kwa kichwa. Haya tu, wala si roho mbaya! Wakapiga makofi. Aliyepiga kelele ni Mama.

Nimekuwa wa pili.

Jumapili, 17 Machi

Nyama ilitolewa hospitalini, kwa kamera ileile aliyoikwepa. Daktari anasema umio umejaa makovu, umebana, njia imebaki kama tundu la sindano. Utapanuliwa, utabana, utapanuliwa tena. Chakula kigumu akisahau. Baba aliapa kwamba dawa hakuruka hata siku moja, ndipo daktari akafungua kidonge kimoja, akakisugua kwenye meza. Kikaandika kama chaki. Mama akanigeukia.

Baba ndiye aliyezungumza, kwa sauti iliyokwaruza kama msasa. Akaniuliza kama nilimfanya panya. Nikamweleza, ili kumtuliza, kwamba panya hutumika hatua ya kwanza na yeye alikuwa hatua ya pili. Akageukia ukutani. Baadaye akaomba maji, akasema aletewe na mtu mwingine.

Nimelia sana huko koridoni. Kisha nikatuliza akili na kulichambua kosa, kama inavyotakiwa. Nimeliona. Mgonjwa mmoja hatoshi! Hakuna matokeo yanayoaminika kwa mtu mmoja.

Kwenye kitanda cha jirani kuna babu mmoja mpole anayecheua mfululizo. Macho yake hayaoni vizuri. Ameniita mjukuu wake, akaniomba nimsaidie kupanga vidonge vyake. Nimemwambia asijali kitu, babu, yuko mikononi mwangu.