Kingo za Tairi la Kiongozi

Jumatatu, 6 Oktoba

Mgongo! Leo nimeshindwa kufunga kamba za viatu. Mke wangu Mitsuyo amenifungia, huku akisema, Baba Yuka, pikipiki ya mbio ni ya vijana, we una miaka sitini na tatu. Nimejifanya sisikii.

Lakini anayeniumiza zaidi ni Kuramochi wa kundi letu la pikipiki. Jana, kwenye kituo cha mapumziko juu ya milima ya Chichibu, aliinama nyuma ya pikipiki yangu mbele ya kundi zima, akapima tairi kwa vidole. Kwetu tairi ndilo cheti. Ukilaza pikipiki kwenye kona, tairi linalika mpaka ukingoni. Mwoga anabaki na kingo mpya. Akatangaza kwamba zangu ni mpya vidole viwili kila upande, labda siku hizi kiongozi anaendesha kwenda kununua tofu tu. Wakacheka! Jumapili tunachagua wa kuongoza msafara. Nimeongoza miaka tisa. Nikivuliwa, sijui nitakuwa nani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kwa siri mji wa Kumagaya, ambako sijulikani, kuangalia masofa. Ndivyo tunavyoziita zile pikipiki pana za safari, zenye egemeo na kiti cha kupasha joto. Jina nilibuni mimi. Sheria pia: mwenye sofa anakaa mkiani mwa msafara. Nezu, mwenzetu pekee mwenye sofa, yuko huko mwaka wa pili sasa, maskini.

Helmeti sikuvua hata dukani. Nikakaa. Mgongo ukanyamaza! Nusura nisinzie. Muuzaji aliniomba mara tatu nishuke. Kwenye sofa la pili alikuwepo mwehu mwingine, mwenye helmeti nyekundu, naye kakataa kuivua. Watu wana mambo. Nimejaza fomu ya kuagiza kwa jina la shemeji.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata dawa. Msasa! Nikisugua kingo zitaonekana zimelika kwenye kona. Saa mbili nzima gereji. Mitsuyo akauliza kelele za nini, nikasema natengeneza rafu. Akasema hatuna rafu. Kuinama siwezi, kwa hiyo nimesugua nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Kazi safi kabisa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kuramochi kapiga simu kuuliza mgongo unaendeleaje. Nani kamwambia nina mgongo? Nikamjibu sina tatizo lolote. Akasema hata yeye hana. Kwani nilimuuliza? Nimemshuku Mitsuyo, kisha muuzaji, kisha daktari. Hata supu ya miso nimeiacha nusu.

Jumapili, 12 Oktoba

Aibu! Nilibandika plasta nane za maumivu chini ya koti. Njia nzima niliogopa harufu, maana zinanuka minti hatua kumi. Ajabu, kundi zima lilinuka minti.

Kuramochi akaja moja kwa moja kwenye tairi langu. Akainama, akapima kwa vidole: kingo mpya hakuna! Nilikuwa nimeshashinda. Kisha Nezu akaniomba nisogeze pikipiki kidogo apite. Nikasogeza. Gurudumu likazunguka, zikaja juu kingo mpya, zinang'aa. Pale kwenye ndoo nilikuwa nimesugua nusu ya juu tu.

"Mzee," Kuramochi akasema, "kumbe kona unakata nusu, nusu nyingine unashuka unasukuma?"

Walicheka hadi machozi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ila Kuramochi alikuwa bado ameinama. Akajaribu kuinuka, wapi! Nikamshika koti kumwinua, na hapo nikaziona: plasta kumi na moja. Akaninong'oneza, "Ndugu yangu, usiseme." Nikamnong'oneza: Kumagaya, helmeti nyekundu? Akafumba macho.

Kura zote zimekwenda kwa Nezu, maana ndiye pekee aliyesimama wima. Mimi nimepelekwa mkiani. Nimerudi nyumbani nikalia ndani ya maji ya moto, bafuni. Imeniuma kuliko mgongo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Sofa limefika! Mgongo sijausikia tangu asubuhi. Mitsuyo kapanda nyuma, anasema tangu tuoane leo ndiyo ameiona njia badala ya kisogo changu. Nezu kafuta sheria ya mkia, na wiki hii kila mtu kwenye kundi kachukua sofa. Nilipaswa kufurahi. Lakini nimewaza: masofa yote mapya, kwa hiyo kingo zote mpya. Atakayeonekana wa kwanza kulaza sofa atakuwa mtu mkubwa.

Nikaenda duka la vifaa. Nikamkuta Kuramochi mbele ya misasa. Akasema anatengeneza rafu. Nikamwambia hata mimi. Nimechukua ule mkali zaidi.

Safari hii nitazungusha gurudumu. Makosa ndiyo yanayomfundisha mtu mwenye akili.