Ndege ya Njano Iliyokataa Kunitii

Polokwane, Jumatatu

Kwako Bwana Hennie Oosthuizen, Mwenyekiti wa Klabu ya Ndege za Rimoti, uliyekuwa na soseji mdomoni wakati mwanachama mwenzako akidhalilishwa,

Salamu. Mimi mzima, ndege yangu siyo. Barua ya kamati yako imenifika, ile inayonikataza kurusha hadi nilete cheti cha daktari wa macho. Unamwandikia hivyo mtu aliyeendesha treni miaka thelathini na moja bila kupita taa nyekundu hata moja! Kwa heshima iliyobaki, nayo si nyingi, naleta malalamiko yangu.

1. Rangi. Ndege yangu ni ya njano tangu mwaka juzi, nilipoijenga kwa mbao nyepesi juu ya meza ya chakula, miezi minane, mke wangu akila jikoni. Jumamosi Krishen Moodley akatuletea yake mpya, ya njano vilevile. Mtu mwenye duka la rangi! Makopo yote yale, akaona langu tu.

2. Utii. Zote mbili zilikuwa angani. Nikaipeleka yangu kushoto, ikaenda kulia. Nikaishusha, ikapanda. Nikaifokea kwa Kipedi na kwa Kiafrikana, ikajifanya haijui lugha yoyote. Hapo Krishen akaanza kupiga kelele, "Ntate Mabitsela, hiyo unayoiangalia ni yangu! Yako iko nyuma yako!" Nikamjibu, "Kijana, ndege yangu naijua kama ninavyomjua mke wangu!" Krishen ana miaka hamsini na miwili, lakini kwangu ni kijana, ndiyo maana huniita Ntate kama baba yake, na rubani hasemeshwi akiwa kazini. Mara ndege fulani ya njano ikaingia mezani kwenu pale uwanjani, ikapita katikati ya saladi ya viazi ya mkeo. Nadai ichunguzwe ilikuwa ya nani. Jina langu chini ya bawa si ushahidi. Yeyote anayejua kuandika anaweza kuandika Mabitsela.

3. Kicheko. Wanaume wazima tisa mlicheka. Deon alilala kabisa kwenye nyasi, kashika tumbo: "Ntate, na treni je, ulikuwa unaangalia ya mwenzako?" Deon huyuhuyu mwaka jana aliwasha injini akasahau kidole kwenye pangaboi. Nilimfunga kitambaa mimi, na sikucheka mpaka nilipofika nyumbani. Iliniuma, Hennie, sikufichi. Aliyeinama nami kuokota vipande ni Krishen peke yake, jambo linalozidi kunitia shaka.

4. Cheti. Nimechunguza: daktari wa macho wa hapa mjini anavaa miwani. Mnataka nipimwe na mtu ambaye mwenyewe haoni?

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nadhani ni machache. Njano iandikwe kwenye katiba ya klabu kuwa ni yangu. Nikirusha mimi, wengine wote watue. Jirani mwenye shamba avune mahindi mapema, maana yakikauka nayo yanakuwa ya njano, na mimi sitaki kusingiziwa kwamba nimelidhani shamba zima ni ndege yangu. Ndege wenye manyoya watafutiwe uwanja wao. Na kuhusu jua, naiachia kamati ipange, mradi lisikae upande ninaoutazama.

Nisipojibiwa kabla ya Jumamosi, nitaanzisha klabu yangu. Mwanachama atakuwa mmoja, naye haoni sababu ya kupimwa macho.

Wasalimie wote waliocheka, mmoja mmoja, isipokuwa Deon. Msalimie mkeo, umwambie nasikitika sana kuhusu saladi, ikiwa ndege ilikuwa yangu.

Ni mimi, nisiyehitaji cheti,
Phineas Mabitsela

Tanbihi: Usishangae mwandiko kuwa mzuri. Ni wa Mokgadi, mke wangu, maana tangu Pasaka mistari inanikimbia. Kwa daktari tulishakwenda mwezi uliopita. Cheti ninacho, na si cha kukuonyesha. Jumamosi nitakuja na ile ndege yangu ya zamani, nyekundu. Nakuomba, Hennie, uniruhusu mara moja tu. Mwambie Krishen asimame karibu nami, awe ananiambia iko wapi. Aseme kwa sauti ya chini, Deon asisikie.