Hoja Iko Ukurasa wa Nne

Jumatatu, 7 Oktoba

Vita vimetangazwa. Barua ya mkuu wa kitivo inasema kozi yangu ya Udongo, niliyoifundisha miaka ishirini na miwili hapa Wisconsin, itabaki tu ikipitishwa Ijumaa na kamati ya uandishi, inayokagua kila kozi inavyowafundisha wanafunzi kuandika. Isipopita, inafutwa. Na nisiende peke yangu! Nimepewa mwenza, Delphine Krause, mtaalamu wa uandishi. Hajawahi kushika koleo.

Alikuja ofisini na daftari. Akauliza ripoti nzuri ya udongo huwaje. Nikamjibu: kama zangu. Akaandika. Ishara njema! Akauliza wanafunzi huambiwa wapi hayo. Nikamwambia haambiwi mtu, yanajulikana. Akauliza mbona basi kila mwaka nalalamika kwamba hawayajui. Nikakumbuka nina mkutano.

Sikuwa na mkutano. Nilikaa garini nikala sandwichi.

Jumanne, 8 Oktoba

Stumpf wa kemia kanisimamisha koridoni. Kozi yake ilipita mwaka jana, ati yeye na mwenza wake ni chanda na pete. "Lindqvist, ndugu yangu, jishushe kidogo. Hutakufa." Mimi! Nijishushe! Mtu ambaye makala yake ya mwaka 1998 ilipewa medali na wataalamu wa udongo wa majimbo manne!

Hapo ndipo mpango ukanijia. Kesho walimu sita tutasahihisha pamoja kurasa za wanafunzi zisizo na majina, tukubaliane uandishi mzuri ni upi. Alama ni moja hadi sita. Basi nimechapa upya ukurasa wa kwanza wa makala yangu, nikaumwagia kahawa kidogo ufanane na wa mwanafunzi, nikauchomeka katikati ya bunda nililotakiwa kumpa Delphine. Wote watatoa sita. Nitasimama. Nitasema: waheshimiwa, mwandishi ni mimi. Kamati itaona sihitaji mwenza. Nimefanya mazoezi ya kusimama mbele ya kioo. Nasimama vizuri sana.

Jumatano, 9 Oktoba

Chumba cha chini cha maktaba. Donati za tufaha. Ukurasa wangu ulikuwa wa tano.

Stumpf: mbili. Mama wa historia: moja, tena akauliza kama kijana huyu ana mtu wa kuongea naye. Wengine watatu: mbili, mbili, mbili. Mimi: sita.

Delphine akaniuliza kwa upole mwandishi anadai nini hasa. Nikautazama ukurasa. Nikaugeuza, nyuma hakuna kitu. Nikasema hoja iko ukurasa wa nne.

"Bwana wee, ukurasa ni huu mmoja tu," akasema Stumpf. "Huo wa nne umeuona wapi?"

Nikasema nimekisia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami kuchimba mashimo ndiyo kazi yangu.

Delphine akasema mwandishi huyu anajua mengi sana, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba msomaji hakuwa naye shambani. Niliumia. Niliumia kweli. Kisha akasema ukurasa huu unafaa kabisa kwa zoezi la kesho. Darasani kwangu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wanafunzi tisa, kila mmoja na nakala ya ukurasa wangu wa medali, doa la kahawa likiwemo. Kaylin Vosberg, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, akainua mkono. "Profesa, huyu alikuwa anamficha nani hoja yake?" Wakacheka. Nikacheka pia, nusu.

Delphine akawapa dakika kumi tu wauandike upya. Kaylin akazichukua namba za mstari wangu wa mwisho, akaandika juu kabisa: mteremko huu umepoteza nusu ya udongo wake wa juu tangu babu zetu waanze kuulima. Akafuta nusu ya yaliyobaki. Nikasoma, mwili ukanisisimka. Hicho ndicho nilichokiona mwaka ule, matope hadi magotini, na sikuwahi kukisema! Nilitaka kulia. Nikajivunia sana, maana nani kamfundisha binti huyu udongo?

Baadaye Delphine akaja ofisini, akafunga mlango, akaweka mezani jarida la mwaka 1998. Kumbe alijua tangu Septemba kwamba atapangwa nami, akasoma makala zangu zote, ajue nawadai nini wanafunzi. Ukurasa aliutambua mara alipouona. Hakumwambia mtu. Nikamwomba radhi, kwa sauti ndogo. Akataka jambo moja tu: tukae tuandike karatasi ya maelekezo ya kazi, mwanafunzi ajue natafuta nini.

Tulikaa saa tatu nzima. Anauliza, najibu, anasema: "Hilo hilo, Orrin. Liandike." Yamenitoka mambo niliyokaa nayo miaka ishirini na miwili bila kumwambia mtu. Ile karatasi ni nzuri kuliko medali. Naisoma kila baada ya dakika tano.

Ila nimechunguza vizuri. Yeye hakuandika hata neno moja.

Ijumaa, 11 Oktoba

Imepita! Kwa kauli moja! Kozi yangu iko hai. Kamati imeisifu ile karatasi, inataka idara zote ziige. Delphine alinikumbatia. Nikamwambia na yeye amesaidia. Stumpf akanipa mkono wa pongezi, nikamshauri ajishushe kidogo, hatakufa.

Tangu mchana naandika makala mpya, kuhusu unyenyekevu wa mwalimu anayeshirikiana na mtaalamu wa uandishi. Kurasa kumi na nne tayari! Delphine kajitolea kuisoma kabla sijaituma. Nimemshukuru, nikamwambia asijisumbue, sasa najua kuandika. Mwandishi ni mimi peke yangu. Hoja iko ukurasa wa kumi na moja.