Mstaafu Chini ya Draya

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na moja bila yai. Kumi na moja! Mke wangu, mwenye saluni hapa chumba cha mbele, sasa anamwita kuku wangu Mstaafu. Najua jina hilo ananirushia mimi, maana nami nilistaafu kazi ya stoo mwaka jana. Nimejifanya kiziwi. Kisha akatoa hukumu: kaka yake anakuja Jumapili, na yai lisipoonekana hadi Jumamosi jioni, kuku anaingia chunguni. Nikasema kuku wangu hachinjwi. Akaniuliza ni nani anayemnunulia chakula. Nikaenda zangu uani kumtazama kuku.

Jirani, fundi cherehani, kachungulia juu ya ukuta kunipa pole. Kuku wake watatu wametaga leo. Nani alimuuliza?

Jumanne, 4 Machi

Nimemwongezea karanga. Kuku mwenye njaa hatagi, hilo hata mtoto analijua. Kala kikombe kizima, akanitazama, nikampa kingine. Kanawiri huyo! Yai ng'o. Fundi anasema karanga zitamziba. Wivu tu.

Jioni nimemsomea kuku barua yangu ya malalamiko kwa ofisi ya maji, kurasa nne. Kasikiliza mpaka mwisho. Nyumba hii haina mwingine anayeweza. Wakimchinja huyu, mimi nitazungumza na nani?

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Nimemkuta uani kasimama wima kama mtu aliyekalia msumari, mkia chini, anajikamua, hakitoki kitu. Karanga kazisusa. Nikampapasa tumbo. Yai lipo, limekwama! Basi si mvivu jamani, ni mgonjwa. Nikakimbia kumwambia mke wangu. Akasema yai la tumboni halikaangwi, na hukumu iko palepale. Moyo gani huo?

Fundi, kama kawaida yake bila kuulizwa, kasema kuku wa hivyo hukalishwa kwenye maji ya vuguvugu. Nikamjibu kwamba hilo nalijua tangu utotoni. Sikuwa nalijua.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu katoka kununua dawa za nywele. Nikaona ndiyo saa yangu. Beseni la kuoshea nywele lina maji ya moto, tena lina pa kulaza shingo. Utadhani lilitengenezwa kwa ajili ya kuku! Nikamloweka nusu saa. Kafumba macho, katulia tuli. Nikamfunga taulo, nikamkalisha kitini, nikamshushia draya, moto mdogo.

Mara hodi! Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, kaja kabla ya saa yake. Watu gani hawa wanaowahi saluni? Nikamkwapua kuku, nikamtupia nyuma ya pazia, nikamkaribisha mwalimu aketi, mke wangu yu njiani. Akaketi. Kiti kilekile.

Pakasikika mlio wa kitu kupasuka. Mwalimu akainuka taratibu, akajipapasa nyuma, akatazama kiganja. Kiini cha njano. Yai! Nikarukaruka kama mwendawazimu. Nikamsihi asijifute, mke wangu alione kwanza, na kama haoni taabu asimame dirishani penye mwanga. Akanitukana tusi ambalo sidhani wanafunzi wake wamewahi kulisikia, akatoka kajifunika nyuma kwa mkoba. Ushahidi wangu umeondoka na sketi! Na mabaki kitini? Kuku katoka nyuma ya pazia, kayadonoa yote, hata maganda, kabla sijageuka. Shukrani ya punda ni mateke.

Mke wangu kurudi kakuta manyoya ndani ya beseni, mteja hayupo, nami naapa kwa kila kitu. Hakuamini neno. Hata mimi nisingejiamini. Kisu keshakinoa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa mwalimu mkuu nikapiga magoti getini, majirani wakiona. Nilimwomba aseme ukweli tu. Akasema hajawahi kusema uongo na hataanza kwa sababu ya kuku. Akampigia simu mke wangu palepale: ndiyo, alikalia yai, tena lilikuwa bado na joto, na sketi anataka ifuliwe.

Kaokoka! Nimelia, wala sioni haya. Mke wangu kasema yai ni yai, hukumu imefutwa. Ila sketi nifue mimi, kwa mkono, mara tatu, na saluni nisikanyage tena. Kisha kamwita bwana mifugo. Huyo naye, kijana mdogo tu, kasema unene wa karanga ndio uliomkwamisha kuku. Apewe maganda ya mayai yaliyosagwa, aachwe apumzike, na mimi nikae naye mbali. Kanitazama usoni akilisema hilo!

Alhamisi, 13 Machi

Mayai manne ndani ya siku tano, yote sandukuni mwake, bila beseni, bila draya. Karanga mke wangu kazificha. Kila mtu anasifu maganda. Thubutu! Ni maji yangu yale, yanafanya kazi polepole kama dawa yoyote ya maana. Bwana mifugo atajua nini?

Asubuhi hii jogoo wa fundi kakohoa mara mbili pale ukutani. Fundi kaenda sokoni, hajui mnyama wake anaumwa. Mke wangu naye katoka. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umemshika jogoo, na beseni la saluni limeshajaa.