Mwalimu Alitaka Kufuta Mmoja

Redio ya Soli ndiyo iliyoanzisha. Soli ni fundi viatu, na benchi lililo mbele ya kibanda chake ndilo bunge letu. Mtangazaji alisema siku hizi mtu mmoja ana mitandao ya kijamii mitano, na bado anaulizia wa sita.

"Wanamsema Breki," Bi Pindo akadakia bila kuinua kichwa kwenye cherehani yake. "Huyu ana mitandao mingi kuliko gia za gari lake."

Breki, dereva wa teksi, hakukana. "Kila mmoja una kazi yake, dada. Wasap ni ya mke wangu, ajue niko wapi. Fesibuku ni ya niliosoma nao, wajue nimefika wapi. Insta ni ya wasionijua, wadhani nimefika."

Tukaangua kicheko.

"Na wewe Tiktok unafuata nini?" Breki akamgeuzia kibao.

"Mishono."

"Mishono gani inayokatika viuno?"

"Nguo lazima uione ikitembea, baba."

Mwalimu, mstaafu wetu, akavua miwani. Akivua miwani, jua somo linakuja.

"Mnapoteza umri. Mshika mbili moja humponyoka, nyinyi mmeshika tano. Mimi nina Wasap na Fesibuku tu, na hiyo Fesibuku naifuta leo, mbele yenu."

"Haya, futa tuone," Soli akasema.

Mwalimu akatoa simu. Kidole kikapanda, kikashuka, kikaganda hewani.

"Vipi, mtihani mgumu?" Breki akauliza.

"Intaneti iko chini."

Bi Pindo alikwisha kuja kuchungulia. "Iko juu, Mwalimu, inapepea. Na huyu nani anakupenda hivi? Kila picha kakuwekea dole gumba. Mpaka ya tangi la maji."

"Mdogo wangu," Mwalimu akasema polepole.

Kisa chake tulikijua. Kwenye harusi ya mpwa wao, Mwalimu alipewa nafasi ya kuwausia maharusi kwa ufupi. Dakika ya arobaini akiwa ndiyo kwanza anaingia sehemu ya pili, mdogo wake akachomoa waya wa kipaza sauti. Mwaka wa pili sasa, hakuna salamu wala simu.

"Lakini nikiweka picha, dole lake halikawii," Mwalimu akaendelea. "Miezi michache iliyopita, siku nne hazikuwa na dole. Nikamtuma mke wangu akaulizie. Kweli, alikuwa amelazwa."

Hapo hakuna aliyecheka. Soli akaweka kiatu chini. "Sasa ukiifuta, mtasalimiana wapi?"

"Ndiyo maana kidole kimegoma."

"Basi mpigie."

"Yeye ndiye mdogo. Aanze yeye."

"Ameanza mara mia tatu, Mwalimu," Bi Pindo akasema. "Kwa dole gumba."

Mwalimu akaitazama simu, akabonyeza. Kwa kubabaika akagusa na spika, kwa hiyo sote tukasikia ikiita.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. U mzima?"

"Mzima." Akaongeza upesi, "Kaka, nakuomba usikate. Simu ya binti yangu iko laivu Tiktok, nafundisha watu kutunza nyanya. Watu mia mbili wananitazama."

Bi Pindo hakungoja kutumwa. Kufumba na kufumbua alikwisha kumpata Tiktok: mzee mwenye kofia, katikati ya nyanya, simu sikioni, macho yamelowa. "Jamani, kaka yangu amenipigia," alikuwa akiwaambia watu wake. "Nyanya tutazimaliza kesho."

Mioyo ikamiminika kwenye kioo kama mvua. Tukasongamana sisi sote watano juu ya kisimu kimoja, benchi likalia. Abiria aliyekuja kumtafuta Breki naye akabaki, akauliza nani kafanya nini, akaelezwa, akapenga kamasi.

Mwalimu akarudisha miwani usoni. Alitazama muda mrefu, akitabasamu peke yake. Halafu akamkabidhi Bi Pindo simu yake.

"Niwekee na mimi huo mtandao."

"Si ulikuwa unafuta, Mwalimu?" Breki akauliza.

"Nilikuwa nafuta. Lakini huyu anafundisha watu mia mbili bila andalio la somo. Nani atamsahihisha?"