Nilivyomsahihisha Yohana

Jumatatu, 4 Desemba 1933

Siku mbaya. Padri ametupa swali la mtihani wa ubatizo mapema, ati tujiandae. Injili ya Yohana inaonyeshaje kwamba Yesu ni Mungu? Mtihani Ijumaa. Atakayefaulu anabatizwa Krismasi. Atakayeanguka asubiri Pasaka. Mimi Pasaka nimeshazisubiri mpaka nimezichoka!

Nilinyoosha mkono papo hapo. Nikasema ni Mungu kwa sababu alitembea juu ya maji. Padri akauliza, na Petro je, hakutembea? Nikasema alitembea kidogo. Darasa zima likacheka. Nikakimbilia kufufua wafu. Padri akasema Eliya naye alimfufua mtoto wa mjane, na hakuna amwitaye Mungu. Akaniambia nisihesabu miujiza tu, nitazame kitabu kinavyomtaja. Kinavyomtaja! Si kinamtaja kwa Kiswahili tu, kama kila mtu?

Taabu yenyewe ni Mwanawema. Nampenda, naye hanichukii. Lakini shangazi yake, Bimkubwa, ana kauli moja: binti aliyemlea haolewi na mtu asiyebatizwa. Na Silima naye anamtaka. Tuko darasa moja. Mchukuzi wa gati ya Mkoani, shingo nene, sauti tamu kanisani. Leo nimempita kibarazani kwa Bimkubwa, anakula mkate wa kumimina. Mkate ule nilikuwa nikipewa mimi!

Jumanne, 5 Desemba

Nimekwenda kwa jirani yangu Mzee Ame kuomba msaada. Mwislamu, lakini amesoma kuliko kijiji chetu kizima cha Mgogoni. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema kwao Nabii Isa ni mtume mtukufu, na hayo ya kwetu yeye hayaingilii. Akasema, mwanangu weye, wendaje kuuliza bei ya samaki kwa mhunzi? Akanipa muhogo wa kuchoma. Nimerudi bila jibu. Muhogo mtamu, lakini.

Jioni nimefungua Yohana mwenyewe. Ukurasa wa kwanza tu, nikaruka kitini. Kosa! Kosa la Kiswahili ndani ya Injili! Kinasema Neno "alikuwako". Alikuwako! Neno ni mtu? Neno limesemwa, neno limeniudhi, neno limenitoka. Babu yangu aliletwa kutoka bara, kweli, lakini mimi Kiswahili nimekinyonya hapa hapa Pemba. Aliyefasiri bila shaka alikuwa Mzungu, maskini. Ngeli zilimshinda.

Watu wangapi wamesoma mstari ule? Hakuna aliyeona. Mimi Jaribu nimeona.

Jumatano, 6 Desemba

Sikwenda darasani. Nimekwenda mjini Chake kununua wino. Mwenye akili hapotezi siku kusikiliza mambo anayoyajua.

Alhamisi, 7 Desemba

Kazi imekwisha! Nilimwambia Padri nataka kupangusa vumbi vitabu vya Injili vya kabatini. Akanisifu kwa kujitolea. Nikajifungia na wembe na kalamu. Kila "alikuwako" ya Neno nimeikwangua, nikaandika "lilikuwako". Kila "naye" nikaifanya "nalo". Mwandiko safi, hata mchapaji mwenyewe angedhani ni wake.

Mvua ilinyesha nikiwa humo. Karafuu zangu zilikuwa zimeanikwa nje! Nimezikuta zimevimba, zinatoa mvuke. Haidhuru. Kesho Padri atanipa ubatizo, pengine na ualimu juu yake. Silima ataendelea kubeba magunia. Nitamwamkia kwa upole.

Ijumaa, 8 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Silima aliitwa wa kwanza. Akajitanua, akasema Yohana haanzi na miujiza. Anaanza na Neno, na Neno hilo Yohana halitaji kama kitu, anamtaja kama aliye hai, aliyekuwa na Mungu, naye ni Mungu. Ndiyo maana kitabu kimesema "alikuwako", kwa makusudi. Ati Padri alilieleza hilo Jumatano! Akafungua kitabu asome ushahidi. Akausoma mstari mara mbili. Akachukua kingine. Akakipeleka dirishani penye mwanga. Padri akavaa miwani.

Nikasimama. Nikasema kwa fahari wasihangaike, kosa lile nimeshalisahihisha katika vitabu vyote.

Loo! Ardhi ingepasuka nikaingia!

Padri hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alikaa chini, akasema miaka yote aliyofundisha hapa hajapata mwanafunzi aliyelishangaa neno lile bila kuonyeshwa. Mimi peke yangu nimelishangaa. Ningeuliza tu kwa nini, ningefaulu kuliko wote. Nimeuokota ufunguo wa mlango, akasema, nikautupa kisimani. Silima amefaulu. Mimi nimeanguka. Nilipofika nyumbani nimelia, na sioni haya kuandika.

Jumamosi, 9 Desemba

Mwanawema amepita na ndoo yake. Nilidhani amekuja kuniaga. Akaniuliza, kipofu akija mlangoni nitasemaje? Nikasema, kipofu amekuja. Akauliza mbona sisemi kipofu kimekuja. Nikamaka kwa mshangao, nikasema kipofu ni mtu, bibi we! Akajitwika ndoo. Alinitazama tu mpaka ikaniingia.

Ikaniingia, wallahi! Sarufi inamfuata aliye hai, hailifuati jina lake. Yohana alijua anamsema nani. Ndiyo maana mwisho wa kitabu Tomaso anamwita Bwana wake na Mungu wake, na Yesu hamkatazi. Mtu mwema yeyote angemkataza! Mwanzo na mwisho vinasema jambo moja.

Nimekimbia mpaka misheni, miguu tope tupu, nikayamwaga yote kwa Padri bila hata kubisha hodi. Padri alinishika mikono miwili. Amesema nimefaulu, nitabatizwa Krismasi, kwa sharti moja: nirudishe kila herufi mahali pake, na kitabu kingine chochote nisikitie mkono bila kumwuliza. Nimeapa.

Bimkubwa amepelekewa habari, amesema haya, basi. Na Silima? Mwanawema amemwambia shangazi yake kwamba Silima anaimba tangu hodi mpaka kwaheri, mke atasema saa ngapi? Nimefurahi mpaka nimemhurumia Silima. Kidogo.

Jumatatu, 11 Desemba

Herufi zote nimezirudisha. Sasa mimi ni mtu mwingine. Nimejifunza unyenyekevu, tena nimejifunza upesi kuliko wenzangu. Mtu asiguse asichokielewa. Nitamfundisha Silima hilo.

Kazi ilipokwisha nikaendelea kusoma, kujiburudisha tu. Nikafika pale Yesu anapowaahidi wanafunzi wake Roho. Nikasoma. Nikarudia. Roho "atawafundisha". Atawafundisha! Roho naye kapewa "a"!

Hapa sasa hapana ubishi. Neno nilikosea, nakubali. Lakini roho? Mtu akiudhika husema roho yaniuma. Nani Pemba hii amewahi kusema roho ananiuma?

Padri amekwenda Weti, harudi mpaka Alhamisi, kwa hiyo hakuna wa kumwuliza. Nimeshanoa wembe. Nitavimaliza vyote kabla hajarudi, iwe zawadi yangu ya Krismasi. Atafurahi!