Siku Tatu za Kufungua Biashara

Asubuhi ile, pale kwa maman Jeanine wa chai, mutaa wa Nyalukemba, radio njo ilianzisha vita. Papa Apollinaire, mwalimu mustaafu wa retraite, tunamuita Journal, gazeti, juu habari haimupite, alishusha kikombe mbele ya kuonja.

— Mumesikia? Kule Nouvelle-Zélande mutu anafungua biashara kwa nusu siku! Amekaa kwake, na ordinateur.

— Unaenda mbali ya nini? akamukata Abdulmajid. Ye Abdulmajid anauzisha vitenge na anavuka mupaka kila juma. Hapa tunamuita Douane, forodha. — Vuka muto Ruzizi tu, ule wa mupaka. Muteja wangu mumoja aliingia mu biro ya kuandikisha biashara asubuhi, saa sita akatoka patron, mwenye biashara.

— Na kwetu? nikauliza.

Journal akainua kidole sawa vile iko mu darasa.

— Kwetu, radio inasema siku tatu.

Benchi yote ikapasuka kicheko. Maman Jeanine akamwanga chai inje ya kikombe.

— Musicheke, Journal akasema. Yesu alifufuka siku ya tatu juu hakupitia kwenye ile biro yetu. Wangemuambia: "Leta fotokopi ine za kaburi, na chef iko mu mission, safari ya kazi."

— Hiyo umesema wewe mukatoliki, mie simo, Douane akajibu, mikono juu.

— Wazee walisema haraka haraka haina baraka, nikatupia.

— Basi ile biro iko na baraka kupita kanisa!

Hapo njo Nyota akatokea, anapanda kilima mbio, karatasi mukononi. Nyota anatengeneza jus ya matunda ya marakuja kwake nyumbani. Dossier yake ya kuandikisha biashara ilikuwa imelala mu biro miezi saba. Kwanza chef alisafiri. Kisha kashe, ule muhuri, ilikuwa lakini wino ikaisha; Nyota akanunua wino mwenyewe. Kisha mwenye ufunguo wa armoire, kabati ya madossier, akaenda matanga Nyangezi, ufunguo mu mufuko.

— Imetoka! akapiga kelele. Baba zangu, imetoka!

Tukapokezana karatasi. Kashe ilikuwa nzuri kweli, ya mviringo, ya bleu.

— Sasa hoteli watanunua jus yangu, akasema. Walikuwa wananifukuza sawa mwizi, juu sikuwa na karatasi.

Journal hajamaliza kumupa pongezi, bwana mumoja akasimama mbele yetu, shati ndani ya suruali, sakosi ya karatasi kwapani.

— Bonjour. Niko wa taxe, biro ya kodi. Natafuta établissement, biashara moja mupya.

Douane akaangalia saa.

— Miezi saba ya kumuandika, dakika makumi mbili ya kumupata! Nouvelle-Zélande wakuje hapa stage, wajifunze!

Bwana hakucheka. Akafungua liste yake, akasoma kwa sauti:

— Établissement... Jus ya Nyoka.

Nyota akafungua karatasi yake, midomo inafuata maneno. Chini ya ile kashe nzuri, kwa herufi kubwa: NYOKA. Hakuna mutu kati yetu alikuwa amesoma ile jina. Nikajua sasa atalia.

Akakunja karatasi polepole, akaiingiza mu kitenge.

— Tonton, mie naitwa Nyota. Hapa hakuna mutu anakamua nyoka.

— Lakini adresi njo hii.

— Pengine alihama. Mukimupata, munijulishe nilale nimefunga mulango.

Bwana akatuangalia mumoja mumoja. Sisi wote tukainamia chai. Akakwaruza kitu kwenye liste, akashuka na barabara ya ziwa.

— Mwanangu, Journal akanong'ona, lazima waisahihishe. Na hoteli je?

— Hoteli wataangalia kashe, papa, sawa vile ninyi.

— Hata hivyo, peleka ombi leo leo!

— Nitapeleka, Nyota akasema, anabeba kikapo ya chupa kichwani. Na nitawaomba sana wasifanye haraka. Wachukue wakati yao.